Vifo na maradhi ya kuambukiza katika wilaya za London enzi ya Malkia Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huwa naanza somo la takwimu za afya kwa London ya karne ya 19, na kila mwaka maswali yanayonirudia ni yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu, ili anayetaka kusoma kwa utulivu asome. Mara mojamoja nitatoka London na kupita Liverpool au Glasgow, kwa sababu kuna mambo yanaonekana vizuri zaidi huko.

Kwa nini London, na kwa nini enzi hiyo?

Kwa sababu ya makarani. Usajili wa vifo wa serikali ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, siku 11 tu baada ya Victoria kurithi kiti. Tangu hapo kila aliyefariki aliandikwa: jina, jinsia, umri, kazi, siku, mahali na sababu ya kifo. Kabla ya hapo makanisa yaliandika mazishi, lakini wengi hawakuzikwa na kanisa la dola, na sababu ya kifo ilikuwa ni ya kubahatisha.

Aliyezipa kumbukumbu hizo maana ni William Farr, daktari aliyetoka familia maskini ya Shropshire. Alifanya kazi katika Ofisi Kuu ya Usajili kwa karibu miaka 40. Vifo vya London vilichapwa kila wiki, wilaya kwa wilaya. Mtu angeweza kukaa mezani Jumatano na kuona Jumamosi iliyopita nani alifariki Bermondsey na kwa ugonjwa gani. Hakukuwa na mji mkubwa duniani uliojitazama kwa ukaribu namna ile.

Kiwango cha vifo kilihesabiwaje?

Unachukua vifo vya mwaka, unagawanya kwa idadi ya wakazi, unazidisha kwa 1,000. Wilaya ya watu 20,000 iliyozika 600 ina kiwango cha 30 kwa 1,000.

Ugumu uko kwenye idadi ya wakazi. Sensa ilifanyika mara moja kila miaka 10: 1841, 1851, 1861 na kuendelea. Katikati ya sensa na sensa watu walikadiriwa. Wilaya iliyokuwa ikijaa wageni haraka ilionekana ina vifo vingi kuliko ilivyokuwa kweli, kwa sababu wazikwaji walihesabiwa wote na walio hai hawakuhesabiwa wote.

Wastani wa nchi katika miaka ya 1840 ulikuwa karibu 22 kwa 1,000. Sheria ya Afya ya Umma ya 1848 ikaweka mstari kwenye 23: mji uliovuka hapo ungeweza kulazimishwa kuunda bodi ya afya, hata kama wakubwa wake hawataki. Farr mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Aliona kuwa kuna wilaya zilizopoteza watu 17 tu kwa 1,000, akauliza kwa nini wengine wafe zaidi ya hapo. Kwake yeye, kila kifo kilichozidi 17 kilikuwa na mtu wa kukijibia. Naona hilo ndilo swali bora kabisa lililowahi kuulizwa na karani wa serikali.

Wilaya za matajiri na za maskini zilipishana kiasi gani?

Kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 1842 Edwin Chadwick, mtumishi wa serikali, alitoa ripoti kuhusu afya ya vibarua. Ndani yake mna jedwali la wastani wa umri wa kufa. Bethnal Green, mashariki mwa London: waungwana 45, wafanyabiashara 26, vibarua 16. Liverpool: 35, 22 na 15. Rutland, ambako ni mashamba matupu: 52, 41 na 38.

Hebu zisome tena hizo za mwisho. Kwa jedwali hili, kibarua wa Rutland alimzidi umri muungwana wa Liverpool. Pesa ilisaidia, ndiyo, lakini mahali palikuwa na nguvu ya kuila hata pesa.

Kwa hiyo kibarua wa Liverpool alikuwa mzee akiwa na miaka 15?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolisahihisha kila muhula.

Wastani wa umri wa kufa si umri ambao mtu mzima alitarajia kufa. Katika miji ya viwanda karibu nusu ya majeneza yalikuwa ya watoto wasiotimiza miaka mitano. Chukua mtoto wa miezi minane na bibi wa miaka 60, wastani wao ni kama 30, na hakuna kati yao aliyekufa na 30. Isitoshe, mtaa wenye watoto wengi utakuwa na wastani mdogo hata kama hauna ugonjwa wa ajabu, kwa sababu tu wanaoweza kufa pale wengi ni watoto.

Farr alilijua tatizo hilo, akatengeneza majedwali ya maisha, ambayo huangalia hatari ya kufa kwa kila umri peke yake. Kwa hesabu yake ya mwaka 1841, mtoto aliyezaliwa Surrey, mashambani kusini ya London, alitarajiwa kuishi miaka 45, wa London 37, wa Liverpool 26. Bado pengo ni lilelile la kuumiza, lakini sasa limepimwa kwa haki. Na mtoto wa Liverpool aliyefaulu kuvuka miaka mitano alikuwa na matumaini ya kuishi miaka mingi zaidi ya hiyo 26.

Ni maradhi gani yaliyoua zaidi?

Kipindupindu ndicho kilichoogopwa. Kifua kikuu ndicho kilichoua. Mwaka hadi mwaka hakuna ugonjwa mmoja uliozika watu wazima wengi kama kifua kikuu, na kwa kuwa kiliua polepole, ndani ya vyumba vya kupanga vilivyojaa watu na visivyo na dirisha la maana, hakikuleta taharuki.

Watoto waliondoka kwa surua, kifaduro, dondakoo, homa nyekundu, na kwa kuhara kwa miezi ya joto. Ndui ilikuwa na chanjo, na chanjo ya watoto ilifanywa lazima mwaka 1853, lakini usimamizi ulikuwa legelege. Mlipuko wa 1871 na 1872 uliua zaidi ya watu 40,000 Uingereza na Wales.

Ukikuta neno "homa" kwenye jedwali la kabla ya 1869, kuwa makini. Hadi mwaka huo homa ya matumbo na tifasi zilihesabiwa chungu kimoja. Moja huja kwa maji na chakula chenye kinyesi, nyingine huletwa na chawa. Wilaya mbili zaweza kuwa na namba moja ya "homa", moja ikihitaji bomba safi, nyingine ikihitaji sabuni na nafasi ya kulala.

Madaktari walidhani maradhi yanatoka wapi?

Wengi waliamini hewa chafu: harufu ya uozo, ya mifereji, ya makaburi yaliyojaa. Usiwacheke. Mitaa iliyonuka ndiyo iliyokufa watu, na macho yao yaliwaambia hivyo.

Farr naye aliamini hivyo kwa muda mrefu, na takwimu zilimpa sababu. Baada ya kipindupindu cha 1849, kilichoua watu kama 14,000 London, alizipanga wilaya kwa urefu wake juu ya mto Thames. Palipokuwa chini ya futi 20 walikufa 102 kwa kila 10,000. Futi 20 hadi 40, walikufa 65. Futi 40 hadi 60, walikufa 34. Ukipanda namba inashuka, hadi Hampstead kule kilimani walipokufa 8 tu. Rotherhithe, kando ya mto, walikufa 205. Farr akasema: hewa mbaya imetuama bondeni.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila maana ndiyo iliyopotea. Watu wa bondeni walikuwa wanakunywa Thames, na Thames ndio uliokuwa choo cha mji mzima.

Nini hasa kilitokea Broad Street?

Nitakaa kidogo hapa.

Usiku wa kuamkia 1 Septemba 1854, kipindupindu kililipuka Soho, katikati ya London. Ndani ya siku 10 zaidi ya watu 500 walikufa katika eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu ndani ya dakika chache. Daktari John Snow, aliyekuwa akiishi jirani, alikuwa tayari ameshaandika kwamba kipindupindu humezwa pamoja na maji. Alikwenda ofisi ya usajili, akachukua orodha ya marehemu, akaanza kubisha hodi mlango hadi mlango akiuliza: mlikuwa mnateka wapi?

Karibu wote walikuwa wanateka kwenye pampu ya Broad Street. Lakini mimi huwaambia wanafunzi waangalie wale wasiolingana na picha. Nyumba ya maskini ya Poland Street, ambapo wasiojiweza walipewa kazi na malazi, ilizungukwa na misiba pande zote. Ilikuwa na watu 535, wakafa watano. Walikuwa na kisima chao. Kiwanda cha bia cha palepale Broad Street kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja kwa kipindupindu. Walikunywa bia ya kiwandani, na kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Kisha kuna mstari mmoja katika taarifa ya wiki. Unasema kwamba tarehe 2 Septemba, mahali paitwapo West End huko Hampstead, alikufa mjane wa miaka 59 wa mtengenezaji wa fataki za bunduki: kuhara kwa muda wa saa mbili, kipindupindu kwa muda wa saa 16. Hampstead, kilimani, penye hewa safi, mbali na Soho. Snow akaenda kuuliza. Mtoto wa mama yule akamwambia kwamba mama yao alikuwa ameishi Broad Street zamani na aliyapenda maji ya pampu ile kiasi kwamba kila siku gari la farasi lilimpelekea chupa. Alikunywa Alhamisi tarehe 31 Agosti. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea alikunywa pia, akarudi kwake Islington, naye akafa.

Angalia vifo hivyo viliandikwa wapi: kimoja Hampstead, kingine Islington. Kwenye jedwali la wilaya, Soho haionekani kabisa ndani ya misiba hiyo miwili. Mipaka ya wilaya ilichorwa na makarani, maji hayakuwa na habari nayo.

Mpini wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba. Mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua, kwa kuwa waliobaki hai wengi walikuwa wameshakimbia.

Nani aligundua chanzo cha kisima kuchafuka?

Padri. Henry Whitehead alikuwa padri msaidizi wa kanisa la St Luke's, kijana aliyewajua watu wa mtaa kwa majina, na alianza uchunguzi wake akitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea. Aliwarudia wenye nyumba mara kadhaa, na kila alipohesabu, maji yalimkabili.

Mwaka 1855, akipekua rejesta ya vifo, alikuta mstari mwingine: nyumba namba 40 Broad Street, 2 Septemba, binti wa miezi mitano, kuishiwa nguvu baada ya kuhara kulikoanza siku nne kabla ya kufa. Hakuandikwa "kipindupindu", ndiyo maana hakuna aliyemtazama. Lakini alikuwa ameugua kabla ya mtaa mzima. Whitehead akaenda kwa mama wa mtoto. Mama akasema aliloweka nepi za mwanawe kwenye ndoo, na maji yale akayamwaga kwenye shimo la maji taka mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalikuwa yameoza, na kati yake na kisima hapakufika hata mita moja.

Mama yule alifanya ambalo mama yeyote angefanya. Kosa lilikuwa la shimo, na la mji ulioacha shimo lile palipo na kisima.

Ushahidi wa Soho ulitosha?

Haukutosha kuwashawishi wakubwa. Ulio mzito zaidi ulitoka kusini ya mto, na haujulikani sana.

Huko kampuni mbili za maji zilipitisha mabomba yao katika mitaa ileile, mara nyingine nyumba hii ina kampuni moja, ya jirani ina nyingine. Kampuni ya Lambeth ilihamisha mahali pake pa kuvutia maji mwaka 1852, ikapanda juu ya mto kabla maji taka ya London hayajaingia. Southwark and Vauxhall ilibaki palepale, ikivuta Thames ya katikati ya mji. Wakazi hawakuchaguliwa kwa utajiri, kazi wala tabia. Snow alipohesabu vifo vya mwaka 1854, nyumba za Southwark and Vauxhall zilikuwa na 315 kwa kila nyumba 10,000, za Lambeth 37.

Mtaa ule ule, hewa ile ile, harufu ile ile, bomba tofauti.

Kwa nini basi mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, na kikakaa mashariki tu?

Mwaka 1858 Thames ulinuka kiasi cha wabunge kushindwa kufanya kazi, na hatimaye pesa za mifereji mikubwa zikatoka. Mhandisi Joseph Bazalgette alikuwa ameshajenga sehemu kubwa kufikia 1866, lakini mashariki ilikuwa bado. Kampuni ya maji ya East London ilikuwa inawapelekea watu maji kutoka bwawa la Old Ford, kando ya mto Lea, na mto huo ulipokea maji taka. Kampuni ilikana kutoa maji yasiyochujwa. Wateja nao walikuwa wakikuta mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye mabomba yao.

Kati ya watu zaidi ya 5,500 waliokufa London, walio wengi mno walikuwa wa eneo la kampuni hiyo. Farr, yuleyule aliyetetea hewa ya bondeni, safari hii alielekeza kidole kwenye maji. Snow hakuwepo kuyaona hayo. Alifariki Juni 1858 akiwa na miaka 45. Namheshimu Farr kwa kitu kimoja zaidi ya vingine: hesabu zake zilimkatalia, akazifuata.

Mwaka huohuo wa 1866 Glasgow ilipoteza watu 53 tu kwa kipindupindu. Mlipuko wa 1853 na 1854 ulikuwa umewaua karibu 4,000. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 1859, mji ulianza kupata maji ya ziwa Loch Katrine kutoka milimani.

Je, hospitali huharibu takwimu za wilaya?

Sana. Kifo kiliandikwa kilipotokea. Southwark ilikuwa na hospitali ya Guy's, na wagonjwa wa kutoka mbali walifia humo. Nyumba za maskini vilevile: mtu amekaa maisha yake yote wilaya moja, kafia nyingine. Tangu miaka ya 1870 mwanzoni hospitali za ndui na homa zilifunguliwa Homerton na Stockwell, na wagonjwa wakapelekwa huko kutoka kila pembe ya mji. Wilaya zenye hospitali zikaonekana mbaya, wilaya zilizopeleka wagonjwa wao zikaonekana safi. Kwa hiyo mtu akikutajia wilaya "mbaya kuliko zote", muulize kwanza: palikuwa na hospitali?

Maskini walilaumiwa?

Walilaumiwa, na hilo linaniuma kila nikisoma. Mwaka 1847 watu kama 300,000 walishuka Liverpool wakikimbia njaa ya Ireland. Tifasi ikawafuata kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na watu wakaiita homa ya Waireland. Daktari William Henry Duncan, aliyeanza kazi tarehe 1 Januari mwaka huohuo kama afisa afya wa kwanza wa mji nchini humo, alikuwa ameshaonyesha miaka kadhaa kabla kwamba vyumba vile na vichochoro vile vinaua. Mji ulianza kuwafukuza watu kwenye vyumba vya chini kabla ya kuwapa pa kwenda, wakaishia kujazana kwenye vyumba vya wenzao, na chawa wakapata nafasi zaidi. Mapadri 10 wa Kikatoliki walikufa mwaka ule kwa tifasi waliyoipata wakiwahudumia wagonjwa.

Glasgow walitundika kibati mlangoni kwa nyumba ndogo, kikiandika idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala. Mabwana afya walipita usiku kuhesabu vichwa. Familia zilijificha kabatini na juu ya paa. Sheria ilipima hewa ya chumba, haikupima kodi ya chumba.

Nini kilipunguza vifo?

Mifereji na maji yaliyochujwa vilimaliza kipindupindu na kupunguza homa ya matumbo. Chanjo ilibana ndui. Kifua kikuu kilipungua muda mrefu kabla ya dawa yoyote, na wanahistoria bado wanabishana kama ni chakula, mishahara, makazi au kuwatenga wagonjwa. Kwa maoni yangu ni vigumu kuvitenganisha, kwani mshahara ukiongezeka ndipo mtu anapohamia chumba cha pili. Kufikia miaka ya 1890 wastani wa nchi ulikuwa umeshuka hadi karibu 18 kwa 1,000.

Ila watoto wachanga walisahauliwa. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, kama 150 hawakufikisha mwaka, na namba hiyo haikushuka hadi Victoria anafariki mwaka 1901. Mwaka 1899 ilifika 163. Maziwa machafu, chupa zenye mrija usiooshika, inzi wa samadi ya farasi: mfereji mkubwa haukuyafikia hayo.

Ni kipindupindu hichohicho kilichofika Zanzibar?

Ndiyo, mawimbi yaleyale yaliyozunguka dunia. Kiliua watu Kilwa na Zanzibar mwaka 1859, kikarudi 1869 na 1870. James Christie, daktari Mskochi aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, alifuatilia njia yake kwa kuwauliza watu wa misafara na mabaharia, kama Snow alivyowauliza wenye nyumba. Tofauti ni kwamba huku hapakuwa na rejesta. Wale waliozikwa Zanzibar hatuwajui kwa mstari mmoja mmoja kama tunavyomjua mtoto wa Broad Street.

Naishi London. Kuna chochote cha kuona?

Broad Street siku hizi inaitwa Broadwick Street, Soho. Kuna mfano wa pampu, hauna mpini, karibu na baa yenye jina la Snow. Ukiwa na asubuhi nzima, anzia hapo utembee hadi West Hampstead, ambako zamani kuliitwa West End. Ni kama kilomita sita, na sehemu ya mwisho ni kupanda. Ndiko ilikokuwa ikipelekwa kila siku ile chupa ya mjane.